Kofia ya Shemeji

Nangurukuru ni mahali ambapo watu hushuka kwenye basi na kutafuta chombo kingine. Barabara kuu inaendelea kwenda Lindi. Njia nyingine inakata kwenda Kilwa Masoko. Anayeshuka hupanda pikipiki, na pikipiki huharibika. Kwa sababu hiyo Romani alifungua duka la spea za pikipiki katika fremu moja ya kupanga karibu na kituo cha mabasi.

Duka lilikuwa na vitu vingi. Matairi yalining'inia darini. Cheni, tyubu, plagi na makopo ya oili yalijaa rafuni. Wateja walikuja tangu asubuhi. Mpita njia angesema kwamba hapo pana biashara nzuri. Mpita njia huyo angekuwa amekosea.

Romani alikuwa Mmakonde wa upande wa Newala. Mkewe, Getrude, alikuwa Mmatumbi kutoka milima ya Kipatimu. Ndoa hiyo ilimpa Romani mke mwenye akili. Ilimpa pia mashemeji. Kwa desturi yao, shemeji ni mtani. Mtani hukucheka mbele za watu. Huchukua kitu chako huku akitabasamu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Waendesha pikipiki wengi wa Nangurukuru walitoka milima ileile. Siku duka lilipofunguliwa, wote waligundua kwamba Getrude ni dada yao.

Klementi alikuwa ndugu wa kweli. Alikuwa mdogo wake Getrude, wa baba mmoja na mama mmoja, tena ndiye kiongozi wa kijiwe cha pikipiki. Kila alipoingia dukani aliweka kofia yake ngumu juu ya kaunta, kama mtu aliyefika kwake. Kisha alitaja kitu anachotaka. Akidaiwa fedha, jibu lake lilikuwa moja.

"Shemeji, sisi tumekupa mke mzima. Wewe unatuuzia tairi?"

Watu walicheka. Romani naye alicheka. Tairi likaondoka.

Jioni Getrude alimwuliza mumewe kama siku ilikuwa njema. Romani alisema ilikuwa njema sana, kwa maana alikuwa ameuza matairi mawili, cheni moja na plagi. Getrude alifungua sanduku la fedha. Alikuta noti chache zisizotosha kununua hata tairi moja. Aliuliza fedha za mauzo zimekwenda wapi.

"Ziko nje, Mama Valeria," alisema Romani. "Fedha ya biashara haikai sandukuni. Inakaa nje."

Alisema hivyo kwa miaka miwili. Alilitaja neno "nje" kama watu wengine wanavyotaja benki.

Siku moja Bibi Kadija alifika kutoka Kilwa Masoko. Fremu ile ilikuwa mali yake. Romani alimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba na kuketi juu ya kreti ya soda. Hakutaka maji wala chai. Kodi ya miezi sita, shilingi laki tatu na sitini elfu, ilitakiwa kulipwa mwezi uliopita. Alisema kwa upole kwamba kijana mmoja anayeuza simu ameiomba fremu hiyo, na yuko tayari kulipa kodi ya mwaka mzima. Angemsubiri Romani hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angempa kijana wa simu ufunguo.

Romani alimtoa wasiwasi. Alimweleza kwamba ana zaidi ya milioni moja nje.

Bibi Kadija aligeuka akatazama nje. Aliona mbuzi wawili na basi lililokuwa likishusha abiria.

"Mimi nakaa ndani, mwanangu," alisema. "Niletee zilizo ndani."

Alipoondoka, Getrude alihesabu fedha zote za sanduku. Zilikuwa shilingi arobaini na nane elfu. Alizirudisha sandukuni. Wakipoteza fremu ile, wangepeleka spea zao wapi? Kituo cha mabasi ni kimoja. Duka lililo mbali na kituo hutazamwa na kuku tu.

Getrude alikwenda kwa jirani yao, Debora. Debora alikuwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo. Alijua hesabu vizuri na alilijua hilo pia. Hakuwa na subira. Watu wanaofanya kazi ya fedha za wengine huipoteza mapema.

Debora aliketi dukani na kumwuliza Romani swali moja. Asubuhi hiyo alifungua duka akiwa na shilingi ngapi sandukuni?

Romani hakujua.

Je, jana alitoa ngapi kwa matumizi ya nyumbani? Romani alitaja samaki, kisha akakumbuka mchango wa msiba, kisha akasema mengine anajua Mama Valeria. Mama Valeria alikiri kwamba yeye pia alichukua fedha ya unga. Hakuandika. Hakuna aliyeandika.

"Basi hili si sanduku," alisema Debora. "Ni kisima cha njiani. Kila apitaye anachota."

Akaanza kuwafundisha, na alifundisha kwa maneno machache. Duka linahitaji kurasa za namna mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa fedha taslimu, yaani fedha unayoweza kuishika leo. Asubuhi unaandika kilichomo sandukuni. Mchana unaandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata kama ni mia tano ya maji. Jioni unachukua fedha ya asubuhi, unajumlisha kilichoingia, unatoa kilichotoka. Jibu unalopata lazima lilingane na fedha iliyomo. Fedha iliyotumwa kwa simu nayo ni fedha, lakini ina mstari wake, kwa sababu haiko sandukuni. Kama hesabu hazilingani, mnatafuta sababu jioni hiyohiyo. Kesho mtakuwa mmesahau.

Ukurasa wa pili ni wa wadaiwa. Kila mdaiwa ana ukurasa wake. Unaandika tarehe, kitu alichochukua, bei yake, alicholipa, na kilichobaki. Naye anaweka sahihi papo hapo, kitu kikiwa bado juu ya kaunta.

"Ukiuza tairi kwa mkopo, umeuza," alisema Debora. "Lakini hujapokea. Hayo ni mambo mawili. Ahadi hailipi kodi."

Romani alijibu kwamba madeni yote anayo kichwani. Debora akamwambia ayatoe kichwani basi, na akashika kalamu.

Kazi hiyo ilichukua mchana wote. Milioni moja na zaidi haikupatikana. Zilipatikana laki nane na themanini elfu, na Romani alishangaa, kana kwamba mtu amemwibia. Kisha Debora akaanza kuyachambua madeni. Alimwuliza Romani juu ya kila jina: yuko wapi, alichukua lini, aliahidi nini?

Watu waliodaiwa laki moja na tisini na tano elfu walikuwa hawapatikani tena. Mmoja alifariki. Wengine walihama bila kuaga, na namba zao za simu hazikuita. Debora alipiga mstari juu ya majina yao. Romani akalalamika. Alisema siku moja watarudi.

"Wakirudi na fedha, utaiandika kama iliyoingia," alisema Debora. "Kwa sasa deni hilo limekufa. Unakaa na maiti ndani ya hesabu zako, Romani, halafu unajiita tajiri."

Vitu vya laki moja na ishirini elfu vilikuwa vimetolewa kwa njia nyingine. Mtani alitania, na Romani mwenyewe akasema, "Chukua tu, shemeji." Debora alisema hayo si madeni hata kidogo. Ni zawadi. Huwezi kudai ulichotoa mwenyewe kwa mdomo wako. Zawadi hizo ziandikwe kuwa matumizi ya nyumbani, kama samaki na unga, ili familia ione utani unawagharimu kiasi gani. Getrude alikisoma kiasi hicho mara mbili. Kilikuwa kodi ya miezi miwili.

Zilibaki laki tano na sitini na tano elfu. Kati ya hizo, laki moja na arobaini na tano elfu walidaiwa watu wawili wasio watani. Laki nne na ishirini elfu walidaiwa waendesha pikipiki, na Klementi peke yake alidaiwa laki moja na arobaini elfu.

Getrude aliwaendea wale wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisalimia, akataja deni, akaonyesha karatasi. Mwalimu alilipa tisini elfu zote siku hiyo. Alisema alikuwa akingoja kuambiwa jumla ni kiasi gani, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwambia. Wa pili alikuwa mkulima aliyedaiwa elfu hamsini na tano. Aliomba asubiriwe hadi ufuta wake uuzwe, akaweka sahihi na tarehe. Miaka miwili Romani aliona aibu kuwadai watu hawa. Wao hawakuwa na tatizo lolote.

Wenye tatizo walikuwa watani. Debora alisema kwamba mdaiwa sugu huandikiwa barua. Aliziandika yeye mwenyewe, kwa lugha ya ofisini, kila moja ikianza na maneno "Yahusu". Zilikuwa barua nzuri. Klementi aliisoma yake kijiweni kwa sauti ya padre anayesoma masomo ya Dominika. Kila alipofika mwisho wa aya, waendesha pikipiki waliitikia "Amina", Waislamu pamoja na Wakristo. Jioni mama anayekaanga mihogo kituoni aliwafungia wateja wake mihogo kwa barua zile.

Debora alinunua mihogo siku hiyo. Aliitambua karatasi.

Sasa Getrude alikasirika. Aliwakasirikia watu wa kwao, na mumewe zaidi. Alisema Romani anajificha nyuma ya utani kwa sababu anapenda kuitwa mkarimu. Romani alisema mila ni mila. Yeye ni mgeni katika ukoo wa milimani, hawezi kuwadai mashemeji zake kama polisi. Wangemwona mchoyo. Wangesema tulimpa dada yetu, naye anatunyima tyubu.

"Hukupewa," alisema Getrude. "Ulinitolea mahari. Baba yangu aliiandika. Tarehe, mbuzi, fedha, kanga za mama, na mashahidi wawili wa kila upande. Ulipobakiza mbuzi mmoja, alikuja hadi Newala kumfuata. Klementi ndiye aliyemkokota kwa kamba. Hakuna aliyetania siku hiyo."

Romani alimkumbuka mbuzi huyo. Alikuwa mkubwa.

"Watu wa kwetu wanajua kuandika deni," Getrude aliendelea. "Hawajakuona wewe ukiandika, basi. Halafu utani una njia mbili. Bibi yangu alipozikwa, watani walificha koleo. Maiti ikasubiri. Tulilikomboa kwa fedha, na hakuna aliyekasirika. Wao ni watani zako. Wewe si mtani wao? Miaka miwili wanachukua. Wewe umechukua nini?"

Romani alikwenda kupanga plagi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kesho yake Klementi aliingia akitaka tyubu. Nje alimwacha abiria mwenye begi kubwa aliyekuwa akienda Kilwa Masoko. Aliweka kofia juu ya kaunta. Alisema, kama kawaida, kwamba wao walimpa mke mzima.

Romani aliichukua kofia. Akaitundika juu ya msumari, kati ya matairi, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje ya kaunta haufiki.

"Nimeiteka," alisema. "Ikomboe."

Klementi alicheka sana. Aliusifu utani huo. Alisema Mmakonde ameanza kuwa mtu. Akatoa elfu mbili na kuiweka juu ya kaunta, kwa kuwa elfu mbili ndiyo fidia ya utani. Romani aliirudisha.

"Hiyo ni ya utani. Nimekusamehe. Mimi nataka ya tairi."

Waendesha pikipiki wawili walisogea mlangoni. Klementi alisema abiria wake anangoja, na askari wa barabarani wako njiani. Bila kofia hawezi kutoka. Romani alikubali kwamba hilo ni kweli. Klementi alipandisha sauti kidogo.

"Usikasirike, Klementi," alisema mmoja wa wale waliokuwa mlangoni. "Mtani hakasiriki. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Yule wa pili alimpakia abiria wa Klementi na begi lake, akaondoka.

Klementi alimtazama dada yake. Getrude aliufungua ukurasa wenye jina la mdogo wake na kumsogezea.

"Mahari yangu iliandikwa," alisema. "Tairi lako nalo limeandikwa. Soma. Kama kuna uongo, sema."

Klementi alisoma polepole. Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja. Alisema tyubu hiyo ya elfu kumi aliilipa, tena Romani alipokea fedha akiwa amekaa palepale na kununua samaki kwa fedha hiyohiyo. Romani alifikiri kidogo. Alikumbuka samaki. Ilikuwa kweli. Getrude alikata elfu kumi, akaandika tarehe, na kumwonyesha Klementi jumla mpya: laki moja na thelathini elfu. Klementi hakutarajia hilo. Kumbe ukurasa ule ulimlinda yeye pia. Fedha iliyolipwa bila kuandikwa ingeweza kudaiwa mara ya pili, na angemwita nani awe shahidi? Samaki alishaliwa.

Kila mtu kituoni alijua kwamba wiki hiyo Klementi alipokea zamu yake ya upatu. Naye alijua kwamba wanajua. Alituma laki moja kwa simu. Elfu thelathini alizihesabu taslimu, noti moja moja, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Getrude aliandika laki moja katika mstari wa simu na elfu thelathini katika mstari wa sanduku. Klementi aliweka sahihi. Romani akamtungulia kofia.

"Na tyubu?" aliuliza Klementi.

"Elfu kumi," alisema Romani.

Klementi aliilipa.

Habari ilifika kijiweni kabla yake. Waliobaki hawakungoja kofia zao zitekwe. Kumcheka mtu aliyetekwa ni rahisi kuliko kutekwa. Walikuja mmoja mmoja kusoma kurasa zao, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamelipa laki moja na kumi na saba elfu. Fedha za mauzo ya kila siku Romani alizitumia kununua spea nyingine. Hakuzigusa kwa kodi. Arobaini na nane elfu za mwanzo, tisini za mwalimu, laki na thelathini za Klementi na laki na kumi na saba za wenzake zilifika laki tatu na themanini na tano elfu. Bibi Kadija alipokuja, zilikuwa zimefungwa tayari. Alizihesabu mara mbili, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini. Kisha akaandika stakabadhi. Sandukuni zilibaki ishirini na tano elfu.

Nje zilibaki laki mbili na kumi na nane elfu. Lakini sasa zilikuwa na majina, tarehe na sahihi. Kwa mara ya kwanza Romani alijua nje ni wapi.

Debora hakufurahia njia iliyotumika. Alisema kuteka kofia si uhasibu, na kwamba mtu asiye mtani akifanya hivyo atapelekwa polisi. Alisema kilichowaokoa ni ukurasa, maana bila ukurasa Klementi angekomboa kofia kwa elfu mbili na kwenda zake. Katika hilo alikuwa na haki. Kuhusu barua zake hakusema kitu, na hakuna aliyemkumbusha.

Wakaweka utaratibu. Hakuna mkopo mpya kwa mtu ambaye hajamaliza deni la zamani. Hakuna mkopo unaozidi bei ya tairi moja. Kila Jumamosi Getrude husoma kurasa za wadaiwa na kuwakumbusha waliochelewa, kwa adabu, mapema, kabla deni halijazeeka. Utani haukufutwa. Umetengewa elfu tano kwa mwezi, na zinaandikwa katika matumizi ya nyumbani. Zikiisha, Romani huwaambia mashemeji kwamba utani wa mwezi huu umekwisha, wangoje mwezi ujao. Wao humwita Mmakonde mchoyo. Yeye huitikia na kuendelea kuandika.

Kodi iliyofuata ililipwa siku yake. Kijana wa simu alipata fremu mahali pengine.

Klementi bado ni mteja. Wiki iliyopita aliingia kununua plagi. Alisalimia, akamtania shemeji yake kuhusu tumbo lake, akaulizia bei, akalipa taslimu na kusubiri chenji. Muda wote huo, ndani ya duka, kwenye joto la mchana, kofia yake ilikuwa kichwani, na mkanda wake umefungwa.